Siku Nilipopanga Vitabu vya Baba kwa Alfabeti

Mie mpaka leo siwezi kumwona mtu anataka kupanga orodha kwenye kompyuta, A mpaka Z, nikanyamaza. Nitauliza tu: "Namba umeweka?" Ofisini wananijua. Vijana wanacheka, wananiambia, mama, siku hizi mashine inakumbuka yenyewe, ukikosea unarudi nyuma. Nawaambia sawa, inakumbuka, lakini weka namba. Safu ya kwanza kabisa, kabla ya jina la kitu chochote: moja, mbili, tatu, mpaka mwisho. Ukishaweka, panga utakavyo, chambua utakavyo, vuruga hata kwa miguu. Wanadhani ni ukali wa uzee. Si ukali. Ni vitabu mia mbili na kumi na vinne vya baba yangu, na balaa niliyoifanya kwa mikono yangu hii miwili huku nikijiona mtoto mwema kuliko wote Tanga.

Baba alikuwa mtunza stoo kwenye shamba moja la katani upande wa Pongwe. Kazi ya stoo ilimwingia mwilini. Kwake yeye kitu hakijawa kitu mpaka kipewe mahali pake, na mahali pake ni kwa zamu ya kuingia: kilichotangulia kinakaa mbele, kinachofuata kinakaa nyuma yake, hakuna kurukana. Nyumbani kwetu Makorora hata sufuria zilipangwa hivyo. Mama, Mungu amrehemu, alikuwa akimtania: "Na mimi niliingia namba ngapi?" Baba anamjibu, "Wewe ndiye stoo yenyewe." Mama anacheka mpaka anakaa chini.

Miaka ile ya shida, ya foleni na unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano, shamba likaanza kuyumba. Katani haikuwa na bei, mashine zikakosa vipuri, watu wakapunguzwa. Pale shambani palikuwa na chumba cha kusomea cha wafanyakazi, chenye vitabu vya kila namna: vya ushonaji, vya kilimo, hadithi, vya dini zote mbili, maana vibarua walitoka kila pembe, Waislamu wa pwani pamoja na Walutheri wa kutoka milimani kwao Lushoto. Chumba kilipofungwa, amri ikatoka vitabu vipelekwe jikoni vikawashiwe moto. Baba akasema, vitawashwaje na watu hawajavimaliza? Akaomba apewe yeye. Akavibeba kwa baiskeli, Pongwe mpaka Makorora, safari baada ya safari, vimefungwa kamba ya katani kwenye keria. Wakati huo daftari tu la kuandikia mtoto wa shule ulilisaka mji mzima. Kitabu kipya dukani ulikisikia kwa jina.

Akapigilia rafu za mbao za masanduku kwenye chumba cha mbele, kile chenye mlango wa barazani, akavipanga kwa zamu yake ya stoo: kilichoshuka kwanza kwenye baiskeli, namba moja. Halafu kila alichopewa baadaye na majirani kikaenda mwisho wa mstari. Akaandika majina yote kwenye daftari moja kubwa, kwa mwandiko ule wa mtu aliyechapwa na walimu wa zamani. Watu wakaanza kuja. Bure, hakuna kulipa, hakuna kujiandikisha. Unasema jina la kitabu, Baba ananyanyuka, anakichomoa, na pale kilipotoka anachomeka kibao chembamba ili vingine visisogee. Ukirudisha, unasema umerudisha kipi, anatoa kibao, anarudisha kitabu. Alhamdulillahi, hakikupotea hata kimoja, labda viwili.

Mama alifariki kabla shida haijakwisha. Tukabaki mimi na Baba na vitabu vyake.

Basi ikaja ile miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Maduka yaliyokuwa na rafu tupu yakajaa sabuni mpaka mlangoni, mitumba ikamwagwa chini kwa marobota, na mie nikasoma kozi ya kompyuta kwenye chumba kimoja juu ya duka la vyombo, mjini. Tulikuwa watu wanane kwa mashine mbili. Nilipohitimu nikapata kazi kwenye ofisi ya mawakala wa forodha karibu na bandari. Ofisi ilikuwa na kompyuta moja, imeshonewa guo la maua kama bibi harusi, na aliyeruhusiwa kulifunua ni mimi peke yangu. Msinione hivi! Nilikuwa natembea Makorora shingo imenyooka.

Kitu nilichokipenda kuliko vyote ni jedwali. Unaandika majina chini kwa chini, ovyo ovyo, unachagua amri ya kupanga, unabonyeza, na kufumba na kufumbua kila jina limejua pa kukaa. Mara ya kwanza nilipoyaona majina ya wateja wetu yakijipanga yenyewe, nilisema "Yarabi!" kwa sauti mpaka bosi akatoka chumbani kwake kuuliza kuna nini.

Nikamkumbuka Baba.

Sasa hebu nieleze hali ya Baba wakati huo, maana hapa ndipo ninapojilaumu. Alikuwa amestaafu, ni mtu wa kukaa barazani kuanzia alasiri kungoja wasomaji wake. Alikuwa ameacha kusoma mwenyewe. Nikimwuliza, anasema amekwisha kuvisoma vyote. Gazeti nikija nalo jioni ananiambia, "Nisomee wewe, mamangu, nipate kuisikia sauti yako." Nami nikaona raha, nikasoma. Akimwaga chai anasema kikombe kibovu. Alikuwa ananyoosha mkono ukutani akipita ukumbini, nikadhani ni miguu. Nilikuwa natoka asubuhi, narudi jioni, nimechoka, kichwani nina majedwali. Nilimwona kila siku na sikumtazama.

Nikaliiba lile daftari. Neno ni hilo, nililiiba, nilitaka iwe zawadi ya kushtukiza. Nikaenda nalo ofisini, nikawa naandika majina saa ya chakula cha mchana, wiki mbili nzima. Safu moja tu: jina la kitabu. Sikuandika namba. Kwa nini niandike? Namba za Baba niliziona ni ushamba wa stoo. Ati kitabu cha injini kimekaa karibu na kitabu cha sala, na hadithi ya upelelezi iko katikati ya mbolea na ukunga! Nikasema mtu msomi hawezi kuwa na maktaba ya namna hii.

Nilipomaliza nikabonyeza. Wallahi niliona uzuri. Juu kabisa *Abiria wa Mwisho Kushuka Korogwe*, chini kabisa *Zamu ya Usiku*. Herufi M peke yake ikavuta kundi zima, mafunzo na maisha na matengenezo, na U ikafuata kwa ufugaji na ushonaji na uzazi, lakini Q na X hazikupata kitu, masikini. Nikahifadhi kwenye diski juu ya orodha ile ile ya kwanza, ile ya zamu ya Baba ikafutika. Nikachapisha kwenye karatasi ndefu zenye vitundu pembeni, printa ikilia kama mashine ya kukoboa.

Halafu nikafanya kubwa kuliko hilo. Mlangoni pa ofisi yetu alikaa mama mmoja muuza bajia, mtu wangu sana, na siku hiyo alikuwa analalamika hana karatasi ya kufungia. Lile daftari lilikuwa limeachia gamba, kurasa zinaning'inia. Nikaona limemaliza kazi yake. Nikampa. Akanipa bajia sita za ahsante, nikazila njiani.

Wiki hiyo hiyo ndugu zetu wa Tongoni walikuja kumchukua Baba kwa ajili ya arubaini ya binamu yake. Siku tatu. Nikaomba ruhusa kazini, nikafunga kilemba, nikashusha vitabu vyote sakafuni na kuvirudisha kwa alfabeti. Nilipanguza vumbi, nikabandika na herufi za karatasi kwenye mbao. Chumba kikapendeza mpaka nikakaa kwenye kiti chake kukitazama. Niliona fahari jamani, nilikuwa namsubiri Baba arudi aniambie mwanangu umesoma.

Alirudi Jumatano adhuhuri. Nilikuwa nimerudi kazini, kwa hiyo sikumwona akiingia. Nilipofika nyumbani jioni alikuwa barazani, ametulia, hakusema neno juu ya chumba. Nikadhani anafanya makusudi kunikomoa, maana alikuwa na utani huo. Nikasema nami sisemi, tuone nani atashindwa.

Akaja jirani yetu, mwanamke fundi cherehani, nyumba ya tatu kutoka kwetu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mama. Pole na kazi."

"Nishapoa. Nakuja kuomba kile cha *Mishono Rahisi ya Nyumbani*."

Baba akanyanyuka. Akaingia chumbani, mkono wake wa kushoto ukapita juu ya mbao za rafu, taratibu, vidole vinapiga kila mgongo wa kitabu pigo moja dogo. Nilikuwa nimesimama mlangoni nangoja ashtuke. Hakushtuka. Akafika pale alipopataka, akachomoa, akapangusa jalada kwa kiganja, akachomeka kibao, akampa yule mama kwa mkono wa kulia. Kitabu kilikuwa *Matengenezo ya Injini za Shamba*, na picha ya injini jaladani kubwa kuliko uso wangu.

Yule mama akakitazama. Akanitazama mimi. Akasema, "Ahsante mzee, ndicho hiki hiki," akakitia kwapani akaenda zake.

Nikajiambia anaharakia magharibi, hakuangalia vizuri. Lakini nyuma yake akaja mpangaji wa nyumba ya pili, Mpemba, muuza karafuu na mchele sokoni, mtu mzima na ndevu zake, ambaye mtaa mzima ulijua kwamba hasomi kitu ila hadithi za mapenzi. Akaomba *Barua Tatu kutoka Pangani*. Kwa mara ya ngapi sijui. Baba akaenda, vidole vikahesabu, akamletea *Ng'ombe Wako Akiumwa*. Mpemba akakipokea kwa mikono miwili. "Mashallah," akasema, "Mungu akuzidishie, babu." Akaondoka na ng'ombe wake.

Ala! Hasira zikanipanda. Nilidhani wote wamepatana kunicheza shere kwa sababu ya alfabeti yangu. Nikachomoa kitabu cha kwanza kilichokuja mkononi, nikamwekea Baba mbele ya uso, karibu kabisa. "Baba, hiki kimeandikwa nini?"

Hakukitazama kitabu. Alikuwa anatazama mahali fulani begani kwangu. Akanyoosha mkono, akakikosa, akakitafuta hewani, akakipata. Akakipapasa mgongo, akakipima uzito. Akakinusa.

"Umevihamisha," akasema.

"Baba. Tangu lini huoni?"

"Umevihamisha vyote?"

"Vyote."

Akakaa. Alikaa chini, si kwenye kiti, na mie nikakaa karibu yake, nimeshaanza kulia. Akaniambia jicho la kulia lilimzimikia kidogo kidogo tangu mwaka ule alipostaafu, na la kushoto likafuata, na sasa kilichobaki ni kujua dirisha liko wapi. Hospitali aliwahi kwenda peke yake, akaambiwa amechelewa. Hakuniambia kwa kuwa ningeacha kozi. Nikamwambia ni kweli, ningeacha. "Basi," akasema.

Nikamweleza yote, daftari na diski na bajia. Nikamweleza na fundi cherehani alivyopewa injini akasema ahsante, na Mpemba na ng'ombe wake. Aliposikia hayo aliinamisha kichwa, nikadhani ni aibu imemshika.

Kisha akasema, na hapo sauti yake ilikuwa kali: "Nisikilize. Watu wakijua sioni, hawatakuja tena kuazima. Watakuja kunipa pole. Watakaa hapo barazani wananihurumia na kuniuliza dawa gani nimejaribu. Mimi sitaki pole, nataka wasomaji. Ukinitoa kwenye vitabu hivi utakuwa umenizika. Virudishe."

Kesho yake nilifika ofisini kabla ya mlinzi hajamaliza chai yake. Nikaiwasha mashine, nikaitazama orodha. A mpaka Z. Nikabonyeza kila kitufe nilichokijua na nisichokijua. Bosi akaja, akanisikiliza, akasema, "Ungeweka namba kwanza," akaingia chumbani kwake. Nilitaka kumrushia kiti. Nikatoka mbio kwa mama wa bajia. Daftari lilikuwa limekwenda mji mzima, kila mtu na ukurasa wake na mafuta yake. Zilibaki karatasi tatu. Akanipa, akanipa na pole, akanifungia na bajia mbili za kunituliza, na hizo alizifunga kwa moja ya zile tatu. Sikuwa na nguvu ya kugombana.

Nikarudi nyumbani na karatasi zangu mbili, nikamwambia Baba hakuna njia.

"Njia ipi unayoitafuta?" akaniuliza. "Chukua kalamu."

Akaegemea ukuta, akafumba yale macho yasiyoona, akaanza. Namba moja, *Mpunga Kwenye Maji Chumvi*, kilikuwa juu kabisa ya mzigo wa kwanza, kililowana mvua pale kwenye daraja. Namba mbili, kitabu cha nyimbo za Walutheri, mwenye nacho alikuwa mkata katani wa kutoka Bumbuli, alikisahau siku alipofukuzwa kazi, Baba akamwekea kwa miaka akirudi akikute. Namba tatu. Namba nne. Hakuwa anahesabu vitabu, alikuwa anaendesha baiskeli. Kila mahali aliposita, alirudi nyuma hatua chache, akapita tena, na kitabu kikaja. Nilikuwa naandika mpaka vidole vinakufa ganzi, na zile kurasa mbili zenye mafuta nilizishika bila kumwambia, nikamsahihishia nazo. Majina thelathini na mawili. Hakukosa hata moja.

Alifika sitini na mbili akafumbua macho.

"Sitini na tatu," akasema, "*Bibi Harusi wa Mkwaja*. Ndani mna uzi mwekundu. Usiutoe."

Nikakitafuta kwenye rafu yangu ya herufi B. Uzi ulikuwemo, umechomolewa kwenye kanga, katikati ya kitabu. Ni pale Mama alipofikia kusoma, kabla hajafariki. Ningejua nini mie, nilikuwa nimekipangusa vumbi na kukikung'uta, ni Mungu tu uzi haukudondoka. Baba alitoa mkono nikampa, akapapasa mpaka akaugusa uzi, akanirudishia. "Endelea," akasema, kama vile mimi ndiye ninayesoma.

Ilituchukua Alhamisi hiyo na Ijumaa baada ya sala na Jumamosi mpaka adhuhuri. Jumamosi hiyo nilikuwa nimeshabandua herufi zangu zote, na Baba akapita rafu nzima kwa vidole, kutoka moja hadi mia mbili na kumi na nne, akisema kila jina kwa sauti. Alipofika mwisho akasema ana njaa.

Jumatatu nikaiandika upya orodha ofisini. Safu ya kwanza, namba. Ya pili, jina. Ndipo nikapanga kwa alfabeti, na namba zikafuata majina yake kwa utii, nikapumua. Karatasi ile nikaibandika barazani. Msomaji akija anatafuta jina lake kwenye A mpaka Z, anasema, "Mzee, naomba themanini na nane," na mkono wa Baba unakwenda themanini na nane. Alfabeti ikabaki ya watu, na zamu ya stoo ikabaki ya vidole vyake. Baba mwenyewe alikubali kwamba si mbaya, na kwake hiyo ilikuwa sifa kubwa.

Jioni ya siku hiyo nikaenda kwa fundi cherehani kumwomba kitabu cha injini kwa ujanja, nimpelekee cha mishono. Nikamkuta anakisoma! Akakifunga, akaingia ndani kuniwekea chai, akarudi akanishika mkono.

"Nyumbani kwenu pametulia?"

"Pametulia. Ila juzi mzee alichanganya kidogo, alikuwa amechoka na safari."

"Mwanangu," akasema, "sie tunajua. Tangu mwaka juzi. Weye hukuona tunavyomrudishia vitabu? Mgongo mbele, tunamwekea mkononi, tunataja jina kwa sauti?"

Nilikuwa nimeona. Nilidhani ni adabu.

"Hakuna aliyemwambia mwenziwe anyamaze," akaendelea. "Mtu amejisitiri, utamfunua wewe? Nikasema akinipa injini nitasoma injini. Nimefika mahali pa kubadilisha mafuta." Akacheka, nami nikacheka huku machozi yananitoka, maana mtaa mzima ulimjua baba yangu, Mpemba mpangaji alimjua, na mie ninayelala chumba cha pili sikujua.

Nikarudi nyumbani na siri mbili. Ya Baba, kwamba haoni, ambayo watu wasijue. Na ya watu, kwamba wanajua, ambayo Baba asijue. Nilizibeba miaka sita, na kuna siku zilinichosha kuliko forodha yote.

Siku moja, amekwisha kuwa mzee kabisa, tulikuwa barazani baada ya alasiri, Mpemba ametoka kuchukua *Barua Tatu kutoka Pangani*. Baba akasema, "Huyu bwana ni mwungwana. Siku ile nilimpa ng'ombe akaniombea dua."

Nikamgeukia. "Baba, ulijua?"

"Si uliniambia mwenyewe? Fundi cherehani nimempa injini, kasema ndicho hiki hiki. Macho yalikufa, akili haikufa. Mtu haombi mishono akashukuru injini isipokuwa anakustahi."

"Sasa mbona hukusema?"

"Niseme nini? Wakijua kwamba najua, wataona haya kuja. Wao wameninyamazia, na mimi nikawanyamazia." Akapapasa mkono wangu, akaupiga kidogo. "Na wewe umechoka, mamangu, nilikuwa nakusikia."

Baba alifariki asubuhi ya siku ya kawaida, mwaka uliofuata. Siku ya tatu, baada ya kisomo, wanaume wakaondoka na mikeka ikakunjwa. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti chake chumba cha mbele kwa kuwa sikujua pengine pa kukaa. Rafu zilikuwa na vibao kama kumi na tano.

Fundi cherehani akawa wa kwanza kuingia, kitabu kwapani. Nyuma yake Mpemba, na nyuma yake wengine, mpaka barazani. Nilitaka kuwaambia wakae navyo, visomwe. Lakini yule mama akanijia, akakigeuza kitabu mgongo mbele, akaniwekea kiganjani kama vile na mimi sioni, akasema kwa sauti kubwa, wazi, ya kumsikilizisha mtu:

"Mzee, narudisha *Mishono Rahisi ya Nyumbani*."

Nikanyanyuka, nikapitisha vidole kwenye migongo ya vitabu, nikatoa kibao, nikakirudisha mahali pake.

"Ahsante mama," nikasema. "Themanini na nane."